Mistari 2,480: uchambuzi wa mkataba wa dola 540 uliovunjika kwenye soko la kazi mtandaoni

Mwenye duka la mtandaoni linalouza nguo za michezo anahamia mfumo mpya wa kuuzia. Ana lahajedwali ya mistari 1,240, kila bidhaa na mstari wake, pamoja na folda ya picha 3,100. Anaweka tangazo kwenye soko la kazi mtandaoni: “Nahitaji mtu wa kuhamisha bidhaa zangu kwenye duka jipya. Ni takriban bidhaa 1,240. Kazi rahisi, ya kunakili na kubandika.” Bajeti yake ni dola 600. Mfanyakazi huru mwenye nyota nzuri anaomba dola 540 kwa siku 10, anapewa kazi, na fedha zote zinawekwa amana kwenye soko.

Siku ya 26 wanaachana. Mfanyakazi anapata dola 324, na baada ya makato ya asilimia 10 anabaki na dola 291.60 kwa saa 74 za kazi, yaani chini ya dola 4 kwa saa. Mteja anarudishiwa dola 216, kisha anamlipa mtu mwingine dola 225 kurekebisha katalogi. Jumla imemgharimu dola 549, na duka lilikaa zaidi ya wiki mbili likionyesha bidhaa zilizojirudia.

Kisa hiki ni cha mfano. Tumekijenga kwa makosa yanayojirudia katika kazi za aina hii, na soko lake tumeliacha bila jina. Kanuni zake ni za kawaida: mteja anaweka fedha amana kabla kazi haijaanza, mfanyakazi akiwasilisha kazi kwa kitufe rasmi, mteja ana siku 14 za kuikagua, na akikaa kimya fedha hutolewa zenyewe; wakishindwana, kuna msuluhishi wa soko. Upwork, moja ya masoko haya, hutumia siku 14 hizohizo kwa mikataba ya bei maalumu, yaani bei moja iliyopangwa kwa kazi badala ya malipo ya saa. Fiverr, soko jingine, huhesabu oda kuwa imekamilika baada ya siku 3 za ukimya. Kabla ya kufanya kazi mahali popote, jua ni siku ngapi.

Watu wengi huamini kwamba fedha zikishakuwa amana wako salama. Amana huzuia mteja asitoweke na fedha, na huzuia mfanyakazi asilipwe kabla ya kazi. Haisemi kazi ni nini. Maneno yaliyoandikwa kwenye hatua ya malipo, yaani sehemu ya kazi yenye fedha zake, ndiyo husema hivyo, na katika mkataba huu yalikuwa mawili tu: “Kuhamisha bidhaa.”

Mambo yalivyokwenda

Siku ya 1 mkataba unaanza, hatua moja, dola 540. Siku ya 4 mfanyakazi anagundua kwamba katika bidhaa 310 saizi zote zimeandikwa ndani ya kisanduku kimoja, “S, M, L, XL”, ilhali mfumo mpya unataka kila saizi iwe na mstari wake chini ya bidhaa mama, yaani mstari unaobeba bidhaa yenyewe. Hasemi kitu. Siku ya 5 mteja anamwandikia kwenye programu ya ujumbe iliyo nje ya soko: “Na picha nazo zipunguzwe, zinachelewesha duka.” Anajibu: “Sawa, hakuna shida.” Siku ya 10 anatuma faili kwenye gumzo la soko kama kiambatisho, pamoja na maneno “Kazi imekamilika, tafadhali angalia.” Kitufe cha kuwasilisha hakukibonyeza.

Siku ya 11 mteja analifungua faili kwa Excel, anabadilisha bei chache, analihifadhi, kisha analipakia moja kwa moja kwenye duka lililo hewani. Bidhaa 212 zinajirudia. Namba za mstariupau (barcode) zinaharibika. Mistari 84 inakataliwa. Wanabishana siku nne, tena nje ya soko. Siku ya 16 mteja anadai dola 540 zote. Siku ya 17 ndipo mfanyakazi anabonyeza kitufe cha kuwasilisha. Kesho yake mteja anaikataa kazi na kufungua mgogoro.

Hesabu iliyopotea siku ya kwanza

Mteja hakudanganya. Lahajedwali yake kweli ilikuwa na mistari 1,240. Lakini bidhaa 930 hazikuwa na saizi, na 310 zilikuwa na saizi nne kila moja. Katika mfumo mpya hiyo ni mistari 930, kuongeza mama 310, kuongeza tanzu 1,240, yaani mistari ya saizi chini ya mama. Jumla 2,480, mara mbili kamili ya alichotangaza.

Mfanyakazi alikadiria dakika moja na nusu kwa bidhaa: dakika 1,860, sawa na saa 31. Dola 540 baada ya makato ni 486, kwa hiyo alijihesabia kama dola 15.68 kwa saa. Faili lenyewe lilimchukua saa 52 na picha saa 22. Hata kama angelipwa zote 540, angepata dola 6.57 kwa saa. Mkataba ulikuwa na hasara kwake kabla ya ugomvi wowote, na mtu anayefanya kazi kwa hasara hukimbilia kumaliza. Makosa ya mistari 84 yalizaliwa humo.

Dawa ni kuomba faili kabla ya kutaja bei. Mteja asiyetaka kutoa katalogi nzima anaweza kutoa mistari 30 na kusema ni bidhaa ngapi zina saizi au rangi. Swali la kumuuliza ni moja: “Katika mfumo mpya, kila saizi itakuwa na bei na hesabu yake ya stoo?” Akijibu ndiyo, zidisha.

Siku ya 4 bado kulikuwa na nafasi ya kusema. Ujumbe wa mistari mitatu ungetosha: nimekuta bidhaa 310 zenye saizi nne nne, mistari itakuwa 2,480 badala ya 1,240, napendekeza hatua ya pili kwa mistari ya ziada. Mteja mwenye akili timamu anaweza kukataa, na hapo mfanyakazi angeomba mkataba ufungwe akiwa amepoteza siku nne badala ya 26. Wengi hunyamaza kwa kuogopa kupoteza nyota. Kimya hicho ndicho kilichozigharimu.

Jambo moja la kiufundi linafaa kusemwa hapa, kwa sababu linahusu fedha moja kwa moja. Sehemu kubwa ya zile saa 52 ilikuwa kunakili mistari kwa mkono. Ndani ya Excel kuna Power Query: unachagua safu ya saizi, unaigawa kwa alama ya mkato, na katika chaguo za ziada unataka igawanywe kuwa mistari badala ya safu. “S, M, L, XL” inakuwa mistari minne kwa dakika chache kwa katalogi nzima. Anayelipwa kwa bei maalumu na hajui chombo hiki anajilipa kidogo mwenyewe.

Faili liliharibika mikononi mwa nani?

Huu ndio moyo wa kisa, na ndiyo sehemu ambayo pande zote mbili zilishindwa kuieleza mbele ya msuluhishi.

Faili alilotuma mfanyakazi lilikuwa la CSV, orodha ambayo ni maandishi matupu. Halina kumbukumbu kwamba safu fulani ni nambari na nyingine ni maneno. Excel ikilifungua kwa kubofya mara mbili, inakisia. Nambari ya bidhaa 00457 inaonekana kama tarakimu, basi sufuri zinaondolewa na inabaki 457. Nambari kama 3-12 inaweza kugeuzwa tarehe. Namba ya mstariupau yenye tarakimu 13 inaonyeshwa kwa ufupi, kitu kama 4.00638E+12. Ukihifadhi tena kama CSV, Excel huandika kile kinachoonekana kwenye skrini. Tarakimu zilizofichwa hazirudi tena.

Sasa tazama kilichotokea dukani. Bidhaa 212 zilikuwa na nambari zinazoanza na sufuri, na tayari zilikuwepo katika duka jipya kutokana na jaribio la awali la mteja. Mfumo hulinganisha kwa nambari ya bidhaa. Ulipoiona 457 na kukuta 00457, ukadhani ni bidhaa mpya, ukaiongeza. Hiyo ndiyo maana ya kujirudia. Na bidhaa hizo, pamoja na namba za mstariupau, ziliharibika kwenye kompyuta ya mteja siku ya 11. Faili la mfanyakazi lililokuwa kwenye gumzo la soko lilikuwa na sufuri zote.

Ile mistari 84 ni kosa la mfanyakazi. Bidhaa mama 21 zilikuwa na mkwaju kwenye nambari, mfano TS/118. Aliibadilisha kuwa TS-118 kwenye mama, akasahau tanzu. Mara 21 kwa saizi nne, mistari 84 ikawa inatafuta mama asiyekuwepo, mfumo ukaikataa. Ni asilimia 3.4 ya faili, na kuirekebisha ni kazi ya kutafuta na kubadilisha, chini ya saa moja.

Kwa hiyo malalamiko matatu makubwa ya mteja yalikuwa na chanzo tofauti: mawili yake, moja la mfanyakazi. Lakini kwa siku nne mfanyakazi alijibu “umeharibu wewe” bila kuonyesha, na mteja alijibu “faili lako bovu” bila kuonyesha. Ushahidi ulikuwa wa kupatikana kwa dakika tano: lipakue upya faili lililo kwenye gumzo, lifungue kwa kihariri cha maandishi matupu badala ya Excel, piga picha ya skrini ya mstari wenye 00457, kisha mwombe mteja faili alilopakia na upige picha ya mstari uleule. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari hapa ni kile kiambatisho.

Njia bora zaidi ni kuzuia tangu makabidhiano. Tuma mafaili mawili. La kwanza ni CSV la kupakia, lenye usimbaji wa UTF-8 ili herufi zenye alama zisigeuke takataka. La pili ni la Excel (.xlsx) la kutazama na kubadilisha bei, safu za nambari ya bidhaa na mstariupau zikiwa zimewekwa aina ya maandishi. Andika kwenye ujumbe: “Usilifungue la kwanza kwa Excel. Ukitaka kubadilisha chochote, badilisha la pili unirudishie, nitakutolea CSV mpya.” Mteja anayelazimika kulifungua CSV atumie menyu ya data ya Excel, chaguo la kuingiza kutoka faili la maandishi, na aweke safu hizo kuwa maandishi kabla ya kupakia. Wengine huandika pia alama ya SHA-256 ya faili, mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika faili likiguswa, kwenye ujumbe wa makabidhiano. Ikitofautiana na ya faili la mteja, hakuna tena ubishi kama limeguswa.

Kitufe ambacho hakikubonyezwa

Mara nyingi utasikia kwamba angewasilisha rasmi siku ya 10, fedha zingejitoa. Si kweli kwa kisa hiki. Siku 14 zingeishia siku ya 24, na mteja alidai fedha zote siku ya 16. Angeikataa kazi ndani ya muda na mgogoro ungefunguliwa vilevile.

Madhara yalikuwa mengine. Kumbukumbu ya soko inaonyesha tarehe ya mwisho siku ya 10 na uwasilishaji siku ya 17. Msuluhishi anayesoma mikataba mingi huona kwanza kwamba kazi ilichelewa wiki nzima. Kiambatisho cha siku ya 10 kipo kwenye gumzo, lakini maneno “tafadhali angalia” yanaweza kusomwa kama rasimu. Pia kitufe kingemlazimisha mteja achague: akubali, au aombe marekebisho kwa maandishi ndani ya soko. Malalamiko yake ya siku ya 11 yangekuwa na tarehe, orodha na jibu. Badala yake yalibaki kwenye simu.

Hapo ndipo programu ya ujumbe ya nje ilipoumiza. Kuzungumza nje si lazima kuwe kosa. Upwork, kwa mfano, inataka mawasiliano yabaki ndani hadi mkataba uanze, baada ya hapo mnaweza kutumia njia nyingine; malipo ndiyo hayaruhusiwi kutoka nje, na uhusiano uliopatikana pale hufungwa na sharti hilo kwa miezi 24. Shida ni kwamba msuluhishi huanza na kilicho ndani ya soko. Ombi la picha, “sawa, hakuna shida”, na siku nne za mabishano vilikuwa nje. Picha za skrini za gumzo la nje zinaweza kuwasilishwa, ila upande wa pili anaweza kuzipinga, na hazina uzito uleule.

Ukipiga simu au kuandikiana nje, rudi kwenye gumzo la soko siku hiyohiyo uandike: “Kama tulivyozungumza leo, umeomba moja, mbili, tatu. Nimekubali la kwanza. La pili na la tatu nasubiri hatua mpya.” Inachukua dakika mbili.

Picha 3,100 na “sawa, hakuna shida”

Kupunguza ukubwa wa picha peke yake si kazi kubwa. Programu ya kuchakata picha kwa mkupuo hupunguza maelfu, upande mrefu ukawa pikseli 1,200, kompyuta ikifanya yenyewe. Saa 22 zilikwenda kwenye kubadilisha majina ya picha yalingane na nambari za bidhaa, kwa sababu bila hivyo mfumo usingejua picha ipi ni ya nani. Mteja hakujua hilo. Aliomba kitu ambacho kwake kilikuwa neno moja, “zipunguzwe”. Mfanyakazi alijua, na akakubali.

Kwa mujibu wa mkataba, kukubali kwake kulifanya picha ziwe sehemu ya kazi bila bei. Msuluhishi hawezi kuziongezea thamani baadaye. Jibu lililofaa ni fupi na halina ukali wowote:

“Kupunguza picha na kubadilisha majina hakumo kwenye hatua tuliyokubaliana. Naweza kuifanya kwa dola 155, yaani senti 5 kwa picha, na siku 3 za ziada. Ukiongeza hatua mpya na kuweka amana, naanza leo. Usipoongeza, naendelea na faili la bidhaa kama tulivyopanga.”

Sentensi ya mwisho ndiyo muhimu. Inamwambia mteja kwamba kukataa hakutasimamisha kazi, hivyo hana sababu ya kuhisi ametekwa.

Usuluhishi, na kama asilimia 60 ilikuwa haki

Msuluhishi alisoma hatua yenye maneno mawili, tarehe ya uwasilishaji iliyochelewa, mistari 84 iliyokataliwa, na picha za skrini za duka lenye bidhaa zilizojirudia. Hakupewa faili la siku ya 10 likiwa wazi mbele yake. Akapendekeza mgawanyo wa 60 kwa 40. Pendekezo la msuluhishi kwa kawaida halimfungi mtu. Hatua inayofuata ni mwamuzi, ambaye ana ada kwa pande zote, na kwa mkataba wa dola mia chache ada hiyo inaweza kula sehemu kubwa ya kinachogombaniwa. Kwa ushahidi waliokuwa wameuweka mezani, wote wawili walifanya vyema kukubali.

Kwa ukweli wa faili, mgawanyo huo haukuwa wa haki kwa mfanyakazi. Alistahili kupewa siku moja ya kurekebisha mistari 84, kisha alipwe zote. Mteja naye alistahili kuambiwa mapema kwamba kupakia faili kwenye duka lililo hewani, bila nakala ya akiba ya hifadhidata na bila duka la majaribio, ni hatari kubwa hata faili likiwa safi. Nakala ya akiba ya siku ya 11 asubuhi ingemwezesha kurudisha duka kama lilivyokuwa kabla ya saa sita mchana.

Mkataba uleule ukiandikwa upya

Kazi igawanywe hatua nne, kila moja na fedha zake.

Ya kwanza ni sampuli ya mistari 50 kwa dola 60. Isiwe mistari 50 ya juu ya faili. Ichaguliwe kwa ugumu. Mistari 20 ya bidhaa zisizo na saizi, mama 5 na tanzu zao 20, na mistari 5 yenye visa vya kuudhi: nambari inayoanza na sufuri, mstariupau wa tarakimu 13, jina lenye alama ya mkato na alama za kunukuu, jina lenye herufi zenye alama, na maelezo yenye mstari mpya ndani yake. Hivyo vitano ndivyo huvunja CSV, na vikipita, vingine vitapita. Sampuli ilipwe. Masoko makubwa yanakataza kuomba kazi ya bure kama jaribio, na mfanyakazi mzuri huikataa pia.

Ya pili ni mistari 2,430 iliyobaki, senti 20 kwa mstari, dola 486. Maneno yake yaandikwe hivi ndani ya hatua:

“Faili moja la CSV la UTF-8 na moja la .xlsx. Kila mstari tanzu uwe na nambari ya mama iliyomo kwenye faili hilohilo. Nambari za bidhaa zilingane herufi kwa herufi na safu A ya katalogi ya zamani, isipokuwa mkwaju utakaokuwa kistari kwa mama na tanzu. Faili likipakiwa kwenye duka la majaribio bila kuhaririwa, mistari inayokataliwa isizidi 12, na hiyo irekebishwe ndani ya siku 2 bila malipo. Haihusishi kutunga maelezo, kutafsiri, kubadilisha bei wala picha.”

Maneno “bila kuhaririwa” ndiyo yangeumaliza mgogoro huu. Na orodha ya yasiyohusika ina thamani kuliko orodha ya yanayohusika, kwa sababu ndiyo inayozuia ule ujumbe wa siku ya 5.

Hatua ya tatu ni picha 3,100 kwa dola 155. Ya nne ni kupakia kwenye duka la majaribio na kurekebisha kasoro, dola 80. Jumla ni dola 781, na baada ya asilimia 10 zinabaki 702.90. Akitumia Power Query, tukikadiria saa 48 kwa kazi yote, anapata kama dola 14.64 kwa saa, karibu na alichotaka mwanzoni. Bajeti ya mteja imepitwa kwa dola 181. Anaweza kuamua kuzifanya picha mwenyewe, na uamuzi huo anaufanya siku ya kwanza akiwa na namba mkononi.

Weka makato kwenye hesabu tangu mwanzo, maana hayafanani. Fiverr huchukua asilimia 20 ya kila oda. Upwork ilitumia ngazi za 20, 10 na 5 hadi mwaka 2023, ikaweka 10 kwa wote, kisha mwaka 2025 ikaanza viwango vinavyobadilika kati ya 0 na 15 kwa mikataba mipya. Kanuni ni kugawanya, si kuongeza: ukitaka ubakiwe na 700 chini ya makato ya asilimia 20, toza 875. Anayeongeza asilimia 20 juu ya 700 hutoza 840 na kubaki na 672.

Kwa hatua ya nne mfanyakazi atahitaji kuingia dukani. Mteja asimpe nywila ya msimamizi mkuu. Amfungulie akaunti tofauti yenye ruhusa za bidhaa tu, na aifute siku hatua inapofungwa.

Kuna hali ambayo hata hatua nne hazifai: katalogi chafu kiasi kwamba hakuna anayejua itatoa mistari mingapi. Hapo sehemu ya kusafisha ifanywe kwa saa, ikiwa na kikomo cha wiki, tuseme saa 15, na kilichobaki kihamie kwenye bei maalumu hesabu ikishajulikana. Kwenye Upwork ulinzi wa malipo ya saa unahusu saa zilizorekodiwa na programu yao inayopiga picha za skrini, zikiwa na maelezo ya kazi. Saa zilizoandikwa kwa mkono hazimo kwenye ulinzi huo. Kwa hiyo washa programu kabla ya kufungua faili, na andika unachofanya.

Linabaki suala la nyota. Kwenye Upwork kila upande una siku 14 baada ya mkataba kufungwa kutoa maoni, na hakuna anayeona ya mwenzake hadi wote watoe au muda uishe. Mfanyakazi wa kisa hiki akipata nyota mbili, ajibu hadharani kwa sentensi zisizozidi nne: faili lilikabidhiwa tarehe fulani, mistari 84 kati ya 2,480 ilikuwa na kosa langu, kasoro nyingine zilitokea baada ya faili kuhaririwa, malipo yaligawanywa kwa makubaliano. Mteja mpya anayesoma wasifu wake atayasoma hayo kabla ya kumpa kazi.